Natafuta kitaa cha kuwakawaka, msinipe tochi

Nilikuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Waliodhani nimepata kazi yenye mshahara wa maana wanisamehe, bado. Nilikuwa Kigoma, mwisho wa reli, na hasa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na migomba, ambako asubuhi unavaa sweta huku wenzako wa Ujiji wanajipepea kwa gazeti. Nilikwenda kumsalimia dada yangu. Nimerudi na hasira, na hasira yenyewe imeletwa na kitu kidogo kuliko punje ya hindi.

Sikilizeni kisa chenyewe kwanza, halafu tutagombana.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili katika shule moja ya kata, siitaji, na wala haiko Kalinzi. Mikono yake haitulii. Likizo hii nimemkuta ametengeneza mnara wa simu. Ndiyo, mnara, wa mabua, unaofika kifuani pake, umefungwa kwa kamba za mgomba, una madishi ya vifuniko vya soda na nyaya za kuushikilia pande zote ili upepo usiuangushe. Ameuiga ule mnara halisi ulioko kilimani, ambao usiku kucha taa yake nyekundu inawaka na kuzima. Huo mnara ameutazama tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Kilichobaki ni kitu kimoja tu.

"Anko, nataka taa nyekundu pale juu. Iwake, izime, iwake, izime. Ya betri. Mara 40 kwa dakika."

Nikamuuliza 40 ameitoa wapi. Akanijibu kwa mshangao, kama vile nimemuuliza jina la mama yake: "Nimehesabu." Alichukua simu ya mama yake, akakaa uani na giza, akahesabu.

Nikamwambia hilo dogo, kesho nashuka mjini, nakuletea. Hivyo ndivyo tunavyosema sisi watu wa mjini wenye digrii. Hilo dogo!

Nilianzia Mwanga. (Naam, nilikwenda Mwanga kutafuta mwanga, mcheke tumalize.) Duka la kwanza la vifaa vya umeme nikamwambia kijana pale kaunta nataka kitaa kidogo, chekundu, cha betri, kinachowakawaka. Akaniuliza kitaa gani, Mwanga au Gungu? Alikuwa ananitania, lakini baada ya hapo utani ukaisha na biashara ikashindikana.

"Cha baiskeli?"

"Hapana, chenyewe tu. Kile kitaa peke yake."

"Za Krismasi zipo, ila za kuchomeka ukutani."

"Sitaki za ukutani. Za betri."

"Hiyo ni ya nini, kaka?"

"Kuna mtoto anatengeneza kitu."

"Basi mnunulie tochi."

Duka la pili, tochi. La tatu, tochi yenye redio. La nne, tochi yenye redio na paneli ndogo ya sola mgongoni. Sikatai, ni tochi nzuri, na moja nimeinunua kwa sababu ya aibu. Lakini katika maduka yote niliyoingia siku ile, na mengine yalikuwa na taa za LED kuanzia sakafuni hadi darini, hapakuwa na hata moja iliyokuwa inauzwa PEKE YAKE. LED nyekundu, ile yenye miguu miwili, ambayo ni miongoni mwa vifaa vya bei rahisi kabisa vya elektroniki duniani, Kigoma nimeikuta imefungiwa ndani ya kitu kingine kila mahali. Ni kama kuingia sokoni ukakuta chapati, maandazi, sambusa na keki, halafu uambiwe unga hauuzwi.

Bodaboda mmoja alinihurumia. Akaniambia pikipiki ina flasha, ndiyo inayozifanya indiketa ziwake na kuzima. Wazo zuri, ila flasha ya pikipiki inataka volti 12. Mnara wa mabua utabebaje betri ya pikipiki?

Mwishoni nikanunua pia la watoto, lile la plastiki linalowaka likizunguka, kwa shilingi 1,500. Nikajiona mjanja: nitalifungua, nitatoa mnachohitaji, mchezo umekwisha. Usiku, Kalinzi, tukalifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na betri tatu za vifungo, taa tatu za rangi tatu, na katikati ya kibodi tone jeusi, gumu, kama lami iliyodondoka. Tukaliwasha. Likawakawaka mbio mbio, nyekundu kijani buluu, nyekundu kijani buluu, kama disko la vumbi.

Mpwa wangu akalitazama. Akanitazama mimi. Akasema kwa adabu zote:

"Mnara hauwaki hivi, anko. Tunaweza kulipunguza mwendo?"

Hatukuweza. Lile tone jeusi ndilo lenye akili yote, na limemwagiwa gundi iliyoganda mahali kilipotengenezwa, hakuna pa kugusa wala pa kuuliza. Mwenye kukiunda aliamua mwendo wake na wewe mnunuzi umeachiwa kazi moja tu, kukitazama mpaka kife na kukitupa.

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na ilianza kwangu mwenyewe.

Kwa maana yule mtoto aliniuliza swali la pili: "Anko, mguu upi ni chanya?" Na mimi, wasomaji wangu wapendwa, nilipata B ya Fizikia kidato cha nne. Mada ya elektroniki imo kwenye silabasi ya kidato cha nne: vipitishi nusu, dayodi, transista, nilivikariri vyote na vikanipatia B. Naweza mpaka leo kukuchorea alama ya transista na kuandika herufi zake tatu. Lakini nilikuwa sijawahi kuishika transista mkononi. Mtihani wangu wa vitendo ulikuwa ule wa mbadala, tulioufanya sisi tuliotoka shule zisizo na maabara. Waliosoma shule nzuri hamuujui, kwa hiyo niwaeleze. Unapewa karatasi imechorwa mita, sindano yake imechorwa ikiwa mahali fulani, unasoma. Unaambiwa mwanafunzi fulani alifanya jaribio, haya ndiyo majibu aliyoyapata, chora grafu. Yule mwanafunzi fulani hana jina wala shule. Yeye ndiye aliyefanya vitendo kwa niaba yetu sote, na sisi tukapewa alama za kazi yake. Ndiyo maana mguu upi ni chanya sikujua.

(Ni ule mrefu. Nimeshajua sasa. Na ikiwa imekatwa miguu, pasa kidole ukingoni, upande uliobapa ndio hasi.)

Nikampigia rafiki yangu mhandisi, yuko Dar es Salaam, ofisini kwenye kiyoyozi. Akasema mnunulie 555, kile kidubwasha cha miguu minane alichokibuni Hans Camenzind mwaka 1971, kinawashawasha taa vizuri sana. Asante sana mhandisi, kwanza kinauzwa wapi Kigoma? Pili, 555 ya kawaida inahitaji angalau volti 4.5, na mtoto ana betri mbili za rimoti, volti 3. Hilo nimekuja kuambiwa na mtu ambaye hana cheti chochote. Mhandisi wangu akamaliza kwa neno ambalo siku hizi ndilo jibu la kila kitu: "Agiza mtandaoni." Agiza! Mtoto yuko likizo ya wiki chache, mimi niagize China pakiti ya taa mia moja, nisubiri mzigo uvuke bahari, ufike Dar, uje Kigoma, ili nitumie moja.

Siku ya tatu nilimchukua mpwa wangu tukashuka wote. Gari likatuteremsha kupitia Mwandiga mpaka mjini, na safari hii sikuingia dukani. Nilikwenda kwa fundi redio.

Mnawajua mafundi redio. Kibanda cha bati, meza imejaa maiti za vyombo, na mtu mmoja mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Huyu ni mzee wa makamo ya babu, alifundishwa kazi Ujiji na fundi mwingine, enzi za redio za National. Tukamwamkia shikamoo, nikamweleza shida. Hakuniuliza ya nini. Alinyoosha mkono.

"Nipe chaja yako ya simu."

Nikampa. Akaichomeka ukutani. Pembeni yake kitaa chekundu kikawaka, kitaa ambacho nimekitazama kila usiku wa maisha yangu ya utu uzima.

"Mwandishi, umezunguka Mwanga nzima unatafuta kitu kilicho mfukoni mwako."

Halafu akavuta droo. Jamani, ile droo! Chaja mfu, zaidi ya hamsini, na kila mojawapo ina kitaa chake, kizima, kwa sababu chaja hufa yenyewe na taa ikabaki hai. Akampa mpwa wangu bisibisi, akamwambia: "Mjukuu, chagua moja, fungua." Mjukuu akafungua. Kutoka kwenye redio iliyokufa wakang'oa transista mbili, zimeandikwa C945, akasema hizi ziko kila mahali, ukikosa hizi tafuta C1815. Wakang'oa kapasita mbili za maikrofaradi 22 na rezista nne. Vitu tisa kwa jumla ukihesabu na ile taa. Vyote takataka.

Na maelezo yake nitayaweka hapa kama alivyoyatoa, kwa sababu katika miaka minne ya sekondari hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Alisema transista mbili ni wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hawawezi kushusha michi kwa pamoja, watagongana. Mmoja akishusha, mwingine lazima awe ameinua. Kapasita ni pumzi: anayeinua anasubiri pumzi ijae ndipo ashushe, na akishusha yeye anamlazimisha mwenzake ainue. Zamu kwa zamu, bila msimamizi. Taa umeifunga kwenye mchi wa mmoja tu, kwa hiyo inawaka zamu yake ikifika na kuzima zamu ikipita. Ukitaka watwange polepole, wape kapasita kubwa zaidi, pumzi ichelewe kujaa.

Wakalehemu. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Mzee wala hakuinua macho, alichukua kipande cha shaba chenye mpini wa mti, akakitia kwenye jiko la mkaa la mama wa jirani aliyekuwa anakaanga mihogo, akaendelea. Baada ya kama dakika arobaini, kwenye kipande cha kadibodi, kitaa cha chaja mfu kikawaka. Kikazima. Kikawaka.

Mpwa wangu hakushangilia. Alitoa simu yangu mfukoni mwangu na kuanza kuhesabu.

"Arobaini na sita. Inaenda haraka."

Mzee akacheka, cheko la kwanza la siku ile. Akazitoa zile rezista mbili zinazojaza pumzi, za kilo-ohmu 47, akaweka za 56. Hesabu tena. Thelathini na tisa. "Hiyo basi," mtoto akasema, na wote wawili wakanyamaza wakiiangalia, mzee na mtoto, kama watu wanaoangalia ziwa.

Haya. Sasa tugombane.

Kila wiki nakutana na mtu wa rika langu, kwenye semina, kwenye baraza, kwenye vikao vya wenye kompyuta mpakato mapajani, anayeniambia Tanzania inahitaji akili mnemba, inahitaji roboti, inahitaji kuruka hatua. Sina ugomvi na akili mnemba. Ugomvi wangu ni hili neno kuruka. Saketi aliyoitengeneza yule mzee si teknolojia ya jana. Waliibuni Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa kutumia valvu za kioo, kabla transista haijazaliwa. Ina zaidi ya miaka 100. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitoka kwenye maabara ya General Electric mwaka 1962 kwa mkono wa Nick Holonyak, mwaka mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Tumeishi nayo umri wote wa nchi yetu! Na bado mtoto wa Kalinzi mwaka huu anaambiwa na mwalimu wake (ndiyo, alimuuliza mwalimu kabla ya kuniuliza mimi) kwamba "hayo hayatoki kwenye mtihani, na utaungua." Utaungua na volti 3, ambazo ungeweza kuzishika kwa vidole viwili usihisi chochote.

Mwalimu simlaumu sana. Naye ni mtoto wa yule mwanafunzi fulani wa kwenye karatasi.

Nawalaumu zaidi wanaosema HAKUNA VIFAA. Neno hili limekuwa wimbo wa taifa wa pili. Shule haina maabara, hakuna vifaa. Nimesimama mbele ya droo yenye vifaa. Nimepita mitaani Kigoma nikakanyaga vifaa: chaja, rimoti, spika, redio za mchina, viatu vya watoto vinavyowaka kisigino, vyote vimetupwa mtaroni na mvua inavisukumia Ziwa Tanganyika kama zawadi kwa migebuka. Mkoa mzima umejaa LED. Kule ziwani, taa za LED za betri zimechukua nafasi ya karabai kwenye mitumbwi mingi ya dagaa, na usiku usio na mbalamwezi ziwa linaonekana kama mji. Taa hizo zinakufa, zinaingia maji, nyaya zinaoza. Nani anazitengeneza? Ni mafundi kama huyu mzee, na nyuma yao hakuna mtu. Nilimuuliza kama ana mwanafunzi. Akasema alikuwa naye mmoja, wazazi walimtoa, walisema ufundi redio ni kazi ya walioshindwa shule.

Walioshindwa shule! Mimi niliyeshinda shule nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, naangalia mtu aliyeshindwa shule akifundisha Fizikia.

Zamani kulikuwa na uchokozi fulani ndani ya vitu. Matsushita walipofungua kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960, kikawa kinatoa betri na redio, fundi akinunua au akiletewa redio aliikuta na skrubu mgongoni, na redio nyingi za aina ile zilikuwa na mchoro wa saketi umebandikwa ndani ya mfuniko. Yaani mtengenezaji mwenyewe alikuwa anakwambia: najua utanifungua, ramani hii hapa. Mzee alituonyesha mfuniko mmoja alioutunza, karatasi imekuwa kahawia lakini mistari inasomeka. Leo tunanunua tone jeusi. Ubaya wa tone jeusi hauko kwenye bei, liko rahisi mno. Ubaya wake ni kwamba linamfundisha mtoto kwamba vitu vya umeme havina ndani. Shule nayo, kwa mtihani wake wa mchoro wa mita, imekuwa ikimfundisha hivyo hivyo. Tone jeusi dukani, tone jeusi darasani.

Najua mtakachoniambia. Mtasema hata huyo William Kamkwamba wa Malawi alijenga kinu cha upepo mwaka 2002 akiwa na miaka 14, kwa vipande vya baiskeli na feni ya trekta, bila msaada, kwa hiyo mwenye kipaji atatoboa tu. Hoja hiyo inanichefua. Kamkwamba alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, na alichokipata alikipata kwa kitabu cha maktaba na jalala la vyuma. Sisi tunaipenda hadithi yake kwa sababu imeshaisha vizuri, imeandikwa kitabu na kutengenezewa filamu, na haitudai kitu. Mtoto ambaye hakukuta kitabu wala jalala hana filamu, kwa hiyo hatumhesabu. Mpwa wangu angekuwa na mjomba mwingine, mwenye busara kuliko mimi, angeletewa tochi siku ya kwanza, angesema asante, na mnara ungebaki giza. Akiingia kidato cha tatu ataamua kama aendelee na Fizikia au aiache. Dada yangu ananiambia kabla ya likizo hii alishaamua: anaiacha, "ni ya kukariri tu."

Wengine watasema serikali imeshaliona hilo, mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una mkondo wa amali. Kweli, na mimi naupongeza. Lakini nauliza kama mwandishi anayelipwa kuuliza: mkondo wa amali utafundishwa na nani? Na kwanini mtoto wa mkondo wa jumla, anayesoma Fizikia, aonekane haihitaji bisibisi? Tukishagawanya watoto mafungu mawili, hawa wa kufikiri na hawa wa kushika, tutakuwa tumerudi pale pale kwenye wazazi waliomtoa mwanafunzi wa yule mzee. Tutakuwa tumewapa sahihi ya wizara.

Kwa hiyo sidai maabara. Nimechoka kudai maabara, maabara ina mkandarasi, na mkandarasi ana hadithi yake ndefu. Ninachodai ni Jumamosi moja kwa mwezi. Shule moja, fundi redio mmoja, kisanduku kimoja cha chaja na redio zilizokufa, bisibisi sita, chuma cha kulehemu kimoja, na kama hakuna umeme, kipande cha shaba na jiko la mkaa. Fundi alipwe posho ileile anayolipwa ofisa anayekuja kukagua kama kuna vifaa. Watoto wachague maiti, wafungue, watoe taa, waiwashe, halafu waulizwe swali la mpwa wangu: ipunguze mwendo. Asiyeweza kujibu arudi mezani ajaribu rezista nyingine. Hapo ndipo mwalimu aingie na ubao wake na ile kanuni ya rezista kuzidisha kapasita, kwa watu ambao sasa wana sababu ya kuitaka.

Nilikwenda na wazo hili kwenye shule ya mpwa wangu, nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na maji. Nikaambiwa wazo ni jema sana, ila mtu asiye mtumishi haruhusiwi kufundisha wanafunzi bila kibali, niandike barua, ipitie ngazi husika, na fundi aambatanishe nakala za vyeti vyake.

Vyeti vyake.

Barua nimeipeleka hata hivyo. Kwenye sehemu ya vyeti nimeambatanisha picha ya ule mfuniko wa redio wenye mchoro, na namba ya simu ya kibanda. Leo ni siku ya kumi na tisa. Jana usiku mpwa wangu alipiga simu akitumia simu ya mama yake, betri za mnara zimeisha, anataka kujua kama rezista kubwa zaidi pale kwenye taa itafanya betri mpya zikae muda mrefu hata kama taa itafifia kidogo. Nikamwambia sijui, ngoja nimpigie fundi.